Robert McAlpine, mwashi aliyewaachia wanawe kazi

Ndugu zetu wa Maniema wanalijua jina la David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871. Alizaliwa Blantyre, katika jimbo la Lanarkshire huko Uskoti, na akiwa mtoto alifanya kazi katika kiwanda cha pamba. Katika jimbo hilohilo, kijijini Newarthill, tarehe 13 Februari 1847, alizaliwa mtoto mwingine ambaye naye hakupata utoto mrefu. Huyu hakuwa mhubiri wala msafiri. Alikuwa fundi wa kujenga. Tunasimulia habari zake kwa sababu kampuni aliyoianzisha imebaki mikononi mwa ukoo wake kizazi baada ya kizazi, nasi tumeona mara nyingi duka la baba likifungwa kabla watoto hawajamaliza kugawana viti vya matanga.

Robert McAlpine aliingia kwenye mgodi wa makaa ya mawe akiwa bado mdogo sana. Alipofika miaka 16 aliuacha mgodi, akaenda kujifunza uashi wa matofali. Alipanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi, na alipokuwa na miaka 22 hivi akaanza kujitegemea. Mtaji hakuwa nao. Inasimuliwa kwamba alipopata kazi ya kwanza iliyomlazimu kuajiri watu wengine, alikopa pauni 11 kwa mwuza nyama ili awalipe mwisho wa juma. Wale wanaojenga kwetu wanaelewa vizuri jambo hili: mwenye nyumba analipa kazi ikiisha, lakini mfanyakazi anakula kila siku. Katikati ya siku hizo mbili ndipo fundi anapojulikana kama ni mtu wa kuaminiwa au la.

Alitajirika upesi. Kabla hajafika miaka 30 alikuwa na viwanda vya matofali na wafanyakazi wapata elfu moja. Lakini alitawanya mikono kupita uwezo wake, na mambo ya uchumi yalipoharibika mnamo 1877, mali ile ikayeyuka. Mwaka uliofuata, Oktoba 1878, benki kubwa ya mji wa Glasgow ilianguka. Sheria ya benki ile iliwabana wenye hisa kulipa madeni yake bila kikomo, hata kwa nyumba zao, na jamaa nyingi za Uskoti zikabaki maskini. Haukuwa wakati wa kupata mkopo. McAlpine alianza tena kutoka chini, na safari hii akiwa na mke na watoto wa kulisha.

Kilichomwinua ni zege, ile ambayo wengi kwetu huita beto. Wajenzi wa siku zile waliamini jiwe la kuchonga na tofali. Zege waliona ni kitu cha kujazia msingi tu. Yeye aliipenda mpaka watu wakampa jina la utani, Bob wa Zege. Katika miaka ya 1880 alipewa kujenga kiwanda kikubwa cha kampuni ya Singer mahali paitwapo Clydebank, karibu na Glasgow. Mama zetu wanaoshona kwenye veranda za Bukavu na Uvira wanalijua jina hilo kuliko sisi wachungaji: ni cherehani ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1885, na kwa miaka mingi cherehani zilitoka pale kwenda pande zote za dunia.

Lakini kazi iliyomfanya akumbukwe ni reli. Mwaka 1897 alianza kujenga njia kutoka Fort William hadi bandari ya uvuvi ya Mallaig, kilomita 65 hivi za milima, miamba, matope na maziwa, karibu bila barabara. Wavuvi wa pwani ile walihitaji kufikisha samaki sokoni kabla hawajaoza. Mawe yalikuwa kila mahali, lakini yalikuwa magumu mno kuchongwa, na kuleta mawe laini kutoka mbali kungemaliza fedha. McAlpine akaamua kwamba madaraja yote makubwa yatakuwa ya zege, na mwamba unaovunjwa njiani ndio utakaosagwa kuchanganywa na simenti. Ndugu zetu wa Goma, wanaojenga kwa mawe ya volkano yaliyoharibu nyumba zao, hawatashangaa kusikia hivyo.

Daraja la Glenfinnan lina matao 21, urefu wa meta 380 na kimo cha meta 30. Hakuna chuma ndani yake. Linasimama kwa uzito wake na umbo la matao yake. Huko Borrodale alirusha tao moja juu ya mto, upana wa meta 39 hivi, na wakati ule hapakuwa na tao la zege refu kuliko hilo duniani. Watu walitoka Ireland, visiwa vya Uskoti na nchi za Skandinavia, na kazi ilipopamba moto walikuwa zaidi ya 3,000. Walilala katika vibanda kando ya njia. Huko Lochailort shule ya zamani iligeuzwa hospitali ndogo ya wafanyakazi, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida.

Mwanawe Malcolm, kijana aliyekuwa akisimamia kazi, alisimama karibu mno na mwamba uliokuwa ukipasuliwa kwa baruti. Mawe yalimvunja mbavu na kumjeruhi ndani, na waganga wa pale walikata tamaa. Baba alimwendea William Macewen, mpasuaji mashuhuri wa Glasgow, akakodi treni ya pekee, akamleta usiku mpaka reli ilipoishia, na kutoka hapo wakaendelea kwa gari la farasi. Macewen alimpasua kijana palepale. Baadaye wafanyakazi walimbeba Malcolm kwa machela, kwa zamu, wakivuka milima mpaka kwenye reli. Alipona, akaishi mpaka uzee. Tumebeba wagonjwa kwa tipoyi kutoka vijiji vya milimani, tunajua mabega ya watu wale yalikuwaje walipofika.

Si wote waliobahatika hivyo. Kwa miaka mingi watu wa pale walisimulia kwamba farasi na mkokoteni wake walitumbukia ndani ya nguzo ya daraja la Glenfinnan wakati wa kumwaga zege, wakafunikwa humo. Mwaka 1987 mtaalamu alichungulia ndani ya nguzo kwa kamera, hakuona kitu. Halafu, mwaka 2001, nguzo ya daraja jingine la njia hiyohiyo, kwenye Loch nan Uamh, ilipimwa kwa mawimbi ya rada, na mabaki ya farasi na mkokoteni yakaonekana. Wazee walikuwa wamekosea daraja tu. Reli ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1901, na treni hupita juu ya mnyama yule mpaka sasa.

Baada ya hapo kampuni ikawa ya baba na wana. Robert alioa mara mbili, mke wa pili baada ya kifo cha wa kwanza, na wanawe wengi walilelewa kwenye kazi. Mwaka 1918 mfalme alimpa cheo cha kurithiwa. Mwaka 1922 kampuni ilianza kujenga uwanja wa Wembley huko London. Ulikamilika siku chache kabla ya fainali ya kombe, tarehe 28 Aprili 1923. Watu zaidi ya 200,000 walijazana siku ile mahali palipotengwa kwa watu 127,000, wakamwagika hadi katikati ya uwanja. Uwanja ukashikilia.

Alikufa tarehe 3 Novemba 1934, na mwanawe wa kwanza, Robert, akamfuata mwezi huohuo. Hapo ndipo koo nyingi husambaratika. Ukoo huu nao uligawanyika: mwana mwingine, Alfred, alijitenga na kampuni yake, na wakakubaliana nani afanye kazi upande gani wa nchi. Tawi la Alfred baadaye likauza hisa kwa watu wa nje, mwaka 2008 likamezwa na kampuni ya Carillion, na Carillion yenyewe ikaanguka Januari 2018. Tawi lililobaki nyumbani linaendelea.

Hatusemi kwamba kubaki nyumbani kunatakasa. Mwaka 2009 iligunduliwa huko Uingereza ofisi ya siri iliyotunza mafaili ya wafanyakazi wa ujenzi zaidi ya 3,000. Wengi waliandikwa humo kwa kosa la kulalamikia usalama au kujiunga na chama cha wafanyakazi, na makampuni yalilipa ili kujua nani asiajiriwe. Kampuni ya Robert McAlpine ilikuwa mojawapo. Mwaka 2016 makampuni hayo yaliomba radhi mahakamani na kulipa fidia. Kwetu sisi habari hii ni sehemu ya urithi wake sawa na Glenfinnan. Hatuwezi kusifu daraja tukanyamaza juu ya watu waliokosa mkate kwa sababu walisema ngazi imeoza.

Inasimuliwa kwamba mzee mwenyewe aliagiza juu ya kifo chake: wanyamaze kwa dakika mbili, lakini mashine kubwa ya kuchanganya zege isizimwe, na yule Mwairishi aliyezoea kuiendesha abaki nyuma yake. Jina la yule Mwairishi halikuandikwa popote.