Hassan Fathy: Profesa wa Usanifu Aliyejifunza kwa Waashi wa Aswan

Katika historia ya usanifu majengo barani Afrika, Profesa Hassan Fathy wa Misri anakumbukwa kwa jambo moja kubwa: paa la udongo lisilohitaji mbao. Alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi, 1900, akahitimu usanifu majengo jijini Cairo mwaka 1926, na kuanzia mwaka 1930 alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha jiji hilo.

Familia yake ilimiliki mashamba, lakini baba yake hakupenda maisha ya shamba. Fathy alikuwa mtu mzima alipoyatembelea kwa mara ya kwanza na kukuta wakulima wakiishi katika vibanda duni. Udongo wa kujengea kuta walikuwa nao bure. Kilichowashinda ni paa, kwa kuwa boriti ni ghali katika nchi isiyo na misitu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoadimisha mbao na chuma, alijaribu kuezeka kwa matao ya matofali ya udongo. Yakaanguka.

Ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi Aswan ndiye aliyemweleza kuwa Wanubi wa huko huezeka kwa namna hiyo bila mbao za kushikilia. Mwaka 1941 Fathy alikwenda kujionea. Waashi hao, ambao hawakuwahi kuingia darasa la usanifu, waliuchora mkunjo wa tao kwa kukadiria kwa jicho kwenye ukuta wa nyuma, kisha wakapanga matofali membamba yenye makapi mengi ili yawe mepesi, kila safu ikiegemea kwa mshazari ile iliyotangulia. Tofali lilipokuwa bichi lilitiwa mifereji kwa vidole ili lishike vizuri. Maghala ya kale ya Ramesseum, huko Luxor, yana matao ya aina hiyo yaliyodumu zaidi ya miaka 3,000. Elimu ilikuwepo siku zote, ila haikuwa kwenye mitaala.

Hatimaye Idara ya Mambo ya Kale ilimkabidhi ujenzi wa kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, ili kuhamishia maelfu ya watu walioishi juu ya makaburi ya kale. Alileta waashi wa Aswan, wakajenga msikiti, soko, shule na nyumba. Hata hivyo, wakazi wengi walikataa kuhama, kwani wapo waliojipatia riziki kutokana na makaburi hayo. Vibali na malipo navyo vilicheleweshwa. Sisi tulio katika utumishi wa umma hatuwezi kuzisoma kurasa zake kuhusu jambo hilo bila kuona haya. Mwaka 1948 kazi ilisimama kabla ya kukamilika.

Kisa hicho alikiandika waziwazi katika kitabu kilichotoka Cairo mwaka 1969 na Chicago mwaka 1973, ambacho kilimfikisha katika vyuo vya usanifu duniani kote kuliko jengo lake lolote. Tuzo zilichelewa: ya Mwenyekiti wa Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan aliipata mwaka 1980, akiwa na miaka 80.

Profesa Fathy alifariki Cairo tarehe 30 Novemba, 1989. Nyumba nyingi za Gourna Mpya zimebomolewa au kubadilishwa. Msikiti bado umesimama, na UNESCO imeshirikiana na Misri kuhifadhi majengo yaliyosalia.