Mwezi Gisabo: mfalme aliyeacha miti vilimani

Mfanyabiashara anayefika Gatete, Rumonge, kutafuta mawese ya kuvusha Kigoma au Uvira, huona michikichi kila upande. Mchikichi ndio uchumi wa pale na hakuna wa kuulaumu. Ila miti ya asili imebaki vipande tu: msitu wa Kigwena, njia ya kwenda Nyanza-Lac, na miombo ya Rumonge na Vyanda milimani, makazi ya sokwe.

Akiacha ziwa na kupanda bara hadi Muramvya, atakuta jambo jingine. Kilima kimelimwa chote, lakini juu yake kuna kundi la miti mikubwa iliyoachwa isimame. Warundi hupaita mahali kama hapo ikigabiro. Hapo zamani palikuwa na boma la mfalme, na miti hiyo ni uzio wake uliokua.

Katika wafalme waliojenga maboma hayo, mmoja alitawala zaidi ya miaka 50: Mwezi Gisabo. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1840, mtoto wa Ntare Rugamba, mfalme aliyepanua nchi kwa vita. Baba alipofariki, yapata mwaka 1852, Mwezi alikuwa mtoto mdogo. Kaka zake wakubwa walishika nchi kwa niaba yake, na baadaye ilimbidi apambane ili aitawale mwenyewe.

Hakukaa mahali pamoja. Alikuwa na makazi Muramvya, Bukeye, Mbuye, Kiganda na kwingineko. Uzio wa boma ulichomekwa vigingi vya umuvumu, mti wa jamaa ya mkuyu. Kigingi chake kikikatwa kibichi na kuchomekwa ardhini huota mizizi, na gome lake ndilo lililotwangwa kupata vazi la impuzu kabla ya kitambaa cha dukani kuenea. Ulikuwapo pia umurinzi, mti wenye maua mekundu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo: ni mlinzi. Mfalme alihama, nyumba za nyasi zikaoza, uzio ukawa msitu mdogo. Kuukata kulikuwa kumgusa mfalme mwenyewe.

Si kwamba Mwezi alikuwa mhifadhi kwa maana ya leo. Msitu wa Kibira, kaskazini magharibi, ulikuwa mawindo ya wafalme, na hofu iliyoulinda ilikuwa hofu ya ufalme. Katika miinuko hiyo hiyo, huko Nkiko-Mugamba, walizikwa wafalme, na makaburi yao yalikuwa na watunzaji wa ukoo maalumu.

Kwa wafanyabiashara wa zama zake, Mwezi alikuwa mtu mgumu. Katika miaka ya 1880 Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao Ujiji, alisukuma watu wake kaskazini mwa ziwa wakitafuta pembe na watumwa. Mashujaa wa Mwezi waliwarudisha nyuma, na bara la Burundi likabaki limefungwa. Msomaji anayeishi kwa kuvuka mipaka anaweza kukunja uso, lakini bidhaa ya siku hizo ilikuwa pembe za tembo na binadamu. Ng'ambo, huko Manyema, vijiji vilichomwa na pembe zikavushwa ziwa kwenda Ujiji.

Karibu na Gitega kipo kilima cha Gishora. Mwezi alipomshinda mtemi mwasi Ntibirangwa, aliweka hapo makao ya ngoma. Ngoma za Burundi huchongwa kwenye gogo la umuvugangoma, mti ambao Tanzania huitwa mringaringa. Mbili kati ya ngoma takatifu za Gishora zina majina ya kufikirisha: Ruciteme, inayofyekewa msitu, na Murimirwa, inayolimiwa. Ufalme ule ule uliohifadhi miti ya boma ulisifu pia ufyekaji wa mashamba. Mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja, na mfalme ndiye aliyeweka mpaka kati yake.

Mpaka huo ulianza kulegea Wajerumani walipofika. Kapteni Robert von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura, alikuwa amepanda mlima Sabinyo mwezi wa Oktoba 1902 na kuwapiga risasi gorila wawili. Mmoja alipelekwa Berlin, na gorila wa milimani hadi leo anabeba jina la kapteni huyo katika sayansi. Mwaka uliofuata alimgeukia Mwezi, akisaidiwa na wapinzani wa mfalme, Maconco na Kirima. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, mfalme alikubali mamlaka ya Wajerumani na kutozwa ng'ombe 424. Wakubwa wa kapteni hawakupendezwa na vita hivyo. Aliyemfuata, von Grawert, alimuunga mkono Mwezi.

Mwezi Gisabo alifariki Agosti 1908, na kiti kikachukuliwa na mwanawe Mutaga, kijana mdogo. Umuganuro, sherehe ambayo mfalme alibariki mtama na kufungua msimu wa kupanda, ilifanyika mara ya mwisho mwaka 1929. Kibira ikawa hifadhi ya serikali ya Kibelgiji mwaka 1933, na mwaka 1980 mbuga ya taifa ya hekta zipatazo 40,000, iliyoungana na Nyungwe ya Rwanda. Bwawa la umeme la Rwegura hutegemea maji yake.

Ngoma ziliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Gogo la kuchonga ngoma kubwa, hata hivyo, lazima liwe nene, na mringaringa haunenepi kwa msimu mmoja. Wakulima wengine huuacha ndani ya kahawa, kwa kuwa kivuli chake ni chepesi na maua yake meupe huleta nyuki.