Amir Jamal: Mbunge Aliyepimwa kwa Uamuzi wa Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mwezi Januari mwaka 1958 wajumbe wa chama cha TANU kutoka pande zote za Tanganyika walikusanyika mjini Tabora kwa mkutano mkuu wa mwaka. Mbele yao lilikuwepo swali moja zito: je, Mwafrika anayedai kujitawala akubali kushiriki uchaguzi ambao sheria yake inamlazimisha kumpigia kura pia Mzungu na Mhindi? Jibu walilolitoa liliingia katika historia ya nchi kwa jina la Uamuzi wa Busara. Kizazi cha leo kinaujua uamuzi huo kwa jina. Wanaojua habari za watu ambao maisha yao yaliupima na kuuthibitisha ni wachache. Mmoja wa watu hao ni Hayati Amir Habib Jamal, mtoto wa familia yenye asili ya Gujarat, aliyekuja kuwa mbunge wa Morogoro na Waziri wa Fedha wa nchi yenye wananchi walio wengi Waafrika.

Ili kuelewa uzito wa swali la mwaka 1958 ni vema kutazama kwanza mahali lilipoulizwa. Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, na kutoka hapo iliendelea kuelekea Ujiji au kaskazini kwenye Ziwa Viktoria. Wapagazi Wanyamwezi walibeba vitambaa na shanga kupeleka bara na kurudi pwani na pembe za ndovu, na katika njia hiyo hiyo walisukumwa pia watumwa. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wahindi walikuwa na makazi eneo la Kaze, jirani na Tabora ya leo. Mhindi mmoja, aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, ndiye aliyewapokea wasafiri Waingereza Speke na Grant mwaka 1861. Kwa hiyo Mhindi hakuwa mgeni wa jana katika nchi ya Wanyamwezi. Alijulikana kwa duka, mizani na daftari la mikopo. Ambalo halikuwa limejibiwa ni iwapo angeweza kujulikana pia kama raia na mwakilishi wa watu.

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1928 tawi la kutoka Tabora lilikamilika hadi Mwanza, na Tabora ikabaki kuwa njia panda ya magharibi. Amir Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922, wakati maduka ya Kihindi yalikuwa yamekwisha kuenea katika miji ya ziwa na ya Reli ya Kati. Kijana wa familia ya wafanyabiashara wakati ule alikuwa na njia iliyonyooka mbele yake: kusoma shule ya jamii yake, kurithi biashara ya wazee, na kuishi kwa amani na serikali yoyote iliyokuwepo.

Masomo yalimpeleka mbali na njia hiyo. Jamal alisoma uchumi na biashara katika Chuo Kikuu cha Calcutta, nchini India, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hiyo ndiyo miaka ambayo chama cha Congress, kikiongozwa na Mahatma Gandhi, kilitoa mwito wa Agosti 1942 wa kuwataka Waingereza waondoke India. Mwanafunzi aliyetoka koloni moja alijikuta katika koloni jingine ambalo wananchi wake walikuwa wamechoka kungoja. Aliporejea Tanganyika alikuwa na shahada, na alikuwa pia ameshuhudia namna umma usio na silaha unavyoweza kuidai nchi yake.

Tanganyika aliyoirudia ilitawaliwa kwa hesabu ya rangi. Katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955 wajumbe wasio maofisa wa serikali waligawanywa sawa kwa sawa: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Mgao huo ulionekana wa haki kwenye karatasi tu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika laki moja na Wazungu walikuwa takribani elfu 20. Kwa Mwasia aliyetafuta nafasi yake tu, mpango huo ulikuwa na faida kubwa. Jamal, pamoja na wenzake katika Chama cha Waasia, walichagua upande mwingine. Waliona kuwa usalama wa jamii ndogo hauwezi kujengwa juu ya upendeleo unaowachukiza walio wengi, na wakaunga mkono madai ya TANU.

Uchaguzi wa kwanza ulipotangazwa, serikali ya kikoloni iliweka utaratibu uliojulikana kama kura tatu. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika. Aidha, ili kuandikishwa ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya aina iliyotajwa na sheria. Wananchi wengi waliokuwa wakihudhuria mikutano ya TANU wasingeweza kupiga kura hata moja.

Ndiyo sababu mjadala wa Tabora ulikuwa mkali. Wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kususia. Hoja yao ilikuwa na nguvu: kushiriki ni kukubali kuwa watu milioni 8 ni sawa na watu elfu 20. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeujua mji huo tangu alipokuwa mwanafunzi katika Shule ya Serikali ya Tabora na baadaye mwalimu katika Shule ya St. Mary's, alisimama upande wa pili. Alieleza kuwa kususia kungekiachia viti vyote chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, na kwamba TANU ingebaki nje ya mlango ikilalamika huku wengine wakiamua mustakabali wa nchi. Mwishoni mkutano uliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu, aliyeukataa uamuzi huo, alijitoa na kuunda chama chake cha African National Congress kilichotaka nchi iwe ya Waafrika peke yao.

Uamuzi huo ulihitaji imani ya aina mbili. TANU ilipaswa kuwaamini Wazungu na Waasia iliowaunga mkono kwamba hawatawageuka wananchi baada ya kuingia barazani. Nao Waasia na Wazungu hao walipaswa kuziweka nafasi zao mikononi mwa wapiga kura ambao siku moja wangekuwa na uwezo wa kuwaondoa wote. Jambo la kuzingatia ni kwamba TANU wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika pekee. Jamal aliitumikia hoja ya chama ambacho hakuruhusiwa kuwa mwanachama wake, na mlango huo haukufunguliwa hadi baada ya Uhuru.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliokubaliwa na TANU walipata ushindi mkubwa kwa rangi zote tatu. Jamal alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Julai 1959 wajumbe watano wa kuchaguliwa walipewa uwaziri kwa mara ya kwanza. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, mwana wa Tabora, alipewa ardhi na upimaji. Solomon Eliufoo afya. George Kahama ushirika na maendeleo ya jamii. Derek Bryceson madini na biashara. Na Amir Jamal serikali za miji na ujenzi. Miezi 18 tu baada ya mkutano wa Tabora, chifu wa Unyanyembe na Mhindi mzaliwa wa Mwanza walikuwa mawaziri katika serikali moja.

Mtihani uliofuata ulikuwa wa uraia. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika pekee. Mwalimu Nyerere aliweka rehani nafasi yake ya Waziri Mkuu kupinga ubaguzi huo, na Bunge likapitisha uraia usiotazama rangi. Mwaka uliofuata wananchi wenyewe walitoa kauli. Katika uchaguzi wa kwanza wa Rais, Mtemvu, mpinzani wa Uamuzi wa Tabora, alipata kura 21,276, wakati Mwalimu alipata zaidi ya milioni 1.1.

Hata hivyo, kura tatu ilikuwa bado ni kura ya mgao. Kipimo cha kweli kilikuja Septemba 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, wagombea walipotambulishwa kwa alama za jembe na nyumba. Hapakuwa tena na kiti cha Mwasia. Jamal aliomba kura Morogoro kama raia mwingine yeyote, na wapiga kura walimrudisha Bungeni. Katika uchaguzi huo huo wanasiasa wenye majina makubwa waliangushwa, akiwemo Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Nafasi ya Bomani ilikwenda kwa Jamal. Aliendelea kuwamo Bungeni hadi mwaka 1985.

Kazi aliyoikuta Wizara ya Fedha ilikuwa ya kujenga upya. Nchi ilikuwa bado inatumia fedha ya pamoja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata benki za kigeni zikataifishwa. Mwaka huo huo Tanzania na Zambia zilitia saini na China makubaliano ya ujenzi wa reli ya TAZARA, baada ya nchi za Magharibi kuona mradi huo hauna faida.

Jaribu zito zaidi kwa Jamal binafsi bila shaka lilikuwa sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha. Wenye majengo hayo katika miji mingi, ikiwemo miji ya Reli ya Kati, walikuwa Waasia. Familia nyingi zilipoteza akiba ya maisha, na wengi waliihama nchi. Jamal alikuwa waziri katika serikali iliyochukua hatua hiyo, na alibaki. Wapo katika jamii yake waliomwona amewaacha. Mwaka mmoja baadaye, Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda kwa sababu ya asili yao. Tanzania haikufanya hivyo. Sheria yake ilitaja mali, haikutaja rangi. Tofauti hiyo haikumpunguzia machungu aliyepoteza nyumba, lakini ilimwachia haki yake ya uraia.

Mwaka 1979 Jamal alirejeshwa Wizara ya Fedha, aliyokuwa ameiongoza kwa vipindi viwili kabla ya hapo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yamekwama. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari, sabuni na unga, na sera alizozisimamia hazikuweza kuiondoa hali hiyo. Nje ya nchi, sauti yake iliheshimiwa. Alikuwa mjumbe wa tume ya kimataifa ya maendeleo iliyoongozwa na Willy Brandt, na mwaka 1980 aliongoza mikutano ya mwaka ya magavana wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, akitetea nchi maskini zipewe sauti katika maamuzi yanayozihusu. Baadaye aliiwakilisha Tanzania kama balozi mjini Geneva. Alifariki dunia mwezi Machi 1995.

Leo mgeni anayefika Tabora bado anaweza kuona alama za njia ya zamani: miembe iliyozeeka, na tembe la Kwihara alilokaa Livingstone. Uamuzi wa mwaka 1958 hauonekani kwa macho namna hiyo. Unaonekana katika jambo ambalo Watanzania wamelizoea kiasi cha kulisahau, kwamba mpiga kura anaweza kumchagua mtu wa asili yoyote na kumdai hesabu kwa kazi aliyoifanya. Wajumbe waliokutana Tabora hawakuwa na uhakika wowote kwamba jambo hilo litawezekana. Walilikubali wakiwa na hofu, na maisha ya utumishi ya Amir Jamal, pamoja na mafanikio na mapungufu yake, ni sehemu ya jibu walilolingoja.