Andrew Foster, Mwalimu wa Viziwi

Katika ibada za kujitayarisha kwa ubatizo iko desturi iitwayo Efata. Padre hugusa masikio na kinywa cha mkatekumeni, akimwomba Mungu avifungue, ili mtu huyo apate kulisikia Neno na kuikiri imani. Desturi hiyo imetoka katika Injili ya Marko, sura ya 7, pale Bwana Yesu alipoletewa mtu aliye kiziwi. Yesu alimtenga na makutano, akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Kabla ya kutamka neno, alisema naye kwa mikono na kwa macho, kwa namna ambayo kiziwi aliweza kuifahamu. Wengi huisoma habari hiyo bila kuliangalia jambo hilo. Andrew Foster alisema na viziwi wa Afrika kwa mikono muda wa miaka 30.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, katika jimbo la Alabama, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi, na baba yake alichimba makaa ya mawe. Andrew alipokuwa na umri wa miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Homa ikawaacha wazima, lakini hawakusikia tena. Ugonjwa huo si wa Marekani peke yake. Hata vijijini Afrika wako watoto waliopoteza usikivu kwa homa hiyo, wengine kwa surua, wengine kwa kwinini iliyozidi kipimo. Mara nyingi majirani husema kwamba mtoto amerogwa, na wazazi kwa aibu humficha wageni wanapobisha hodi. Hakuna aliyerogwa. Masikio yameumizwa na ugonjwa, na akili iko palepale ilipokuwa.

Siku zile katika Alabama watoto weusi na weupe hawakuketi pamoja shuleni, hata wakiwa viziwi wote. Andrew akapelekwa katika shule ya viziwi weusi mjini Talladega, akajifunza lugha ya ishara. Lakini masomo ya kiziwi mweusi yaliishia darasa la sita. Basi mwaka 1942 akahamia Detroit, mji wa viwanda upande wa kaskazini, akakaa kwa shangazi yake. Alifanya kazi kiwandani, na baada ya kazi alisoma. Huko ndiko alikopata, katika mkutano wa kanisa, habari za viziwi wa kisiwa cha Jamaica ambao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha, na tangu hapo moyo wake ukavutwa na kazi ya umisionari. Masomo ya sekondari aliyamaliza kwa njia ya posta.

Katika mji wa Washington kilikuwako chuo kikuu cha viziwi kiitwacho Gallaudet, kilichofunguliwa mwaka 1864. Foster aliomba nafasi, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena, kwa sababu ya rangi yake. Hakuchoka kuandika barua. Mwaka 1951 walimpokea na kumlipia masomo, naye akayamaliza mwaka 1954. Ndiye kiziwi mweusi wa kwanza kupata digrii katika chuo hicho.

Yafaa kueleza hapa ishara alizozisoma zilitoka wapi, maana zina asili ambayo Wakatoliki wengi hawaijui. Katika karne ya 18 padre mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alikutana na dada wawili viziwi. Aliona huruma kubwa kwa kuwa wasichana hao wangeishi na kufa bila kujua dini yao. Watu wengine walikuwa wameyashika vibaya maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi juu ya imani na kusikia, wakadhani kwamba asiyesikia hawezi kuamini. Eklezya haikufundisha hivyo. Zamani sana, mwishoni mwa karne ya 12, Papa Inosenti III alikubali kwamba kiziwi aweza kufunga ndoa kwa ishara, kwa kuwa ishara yake ni kauli yake ya kweli. Padre de l'Épée akajifunza ishara ambazo viziwi wa Paris walikuwa nazo tayari, akaongeza nyingine za kufundishia lugha ya Kifaransa, akafungua shule bila kudai malipo. Alifariki mwaka 1789. Mwaka 1816 kiziwi aliyesoma na kufundisha katika shule hiyo, Laurent Clerc, alivuka bahari pamoja na Mmarekani Thomas Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule katika mji wa Hartford. Chuo cha Washington kina jina la huyo Gallaudet. Hivyo mbegu ya padre wa Paris ilifika mikononi mwa mtoto wa mchimba makaa, naye akaileta Afrika.

Mwaka 1956 Foster alianzisha chama cha misioni kwa ajili ya viziwi wa Afrika. Yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti, mtu wa Biblia na wa sala. Mwaka 1957 alifika Ghana, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka huohuo. Haikuwako hata shule moja ya viziwi. Mjini Accra alipewa ruhusa ya kutumia madarasa ya shule ya kawaida baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, akaanza na watoto na watu wazima pamoja. Baadaye shule ilihamia Mampong, katika milima ya Akwapim, wanafunzi wakalala hukohuko. Kutoka Ghana aliendelea Naijeria, akafungua shule Ibadan, Enugu na Kaduna.

Kazi yake ilikuwa na taabu ambayo wenye kusikia hawaifikiri. Alipofika katika mji alikwenda kwa wakubwa wa serikali, akawaomba jengo na walimu. Wengi walimjibu kwamba katika nchi yao viziwi hawako. Hapo alikwenda mwenyewe kuwatafuta, na aliwapata. Wakubwa walipomwona mtu mweusi, kiziwi, mwenye digrii, akiandika hoja zake kwenye karatasi, walipata jibu la swali lao kama kiziwi aweza kusoma.

Liko jambo moja ambalo wengine humlaumu kwalo, na lisifichwe. Ishara alizofundisha zilikuwa za Marekani, na Afrika haikuwa bila ishara zake. Si mbali na Mampong kiko kijiji cha Adamorobe, ambako viziwi ni wengi tangu vizazi, na wana lugha yao ya ishara ambayo hata wanakijiji wenye kusikia huifahamu. Lugha kama hizo zilipungukiwa nguvu shule zilipokuja. Lakini kabla ya Foster wengi wa watoto hao hawakuwa na shule ya aina yoyote.

Mwaka 1959 alikwenda Wiesbaden, Ujerumani, kwenye mkutano wa viziwi wa dunia, akakutana na binti kiziwi wa Kijerumani, Berta Zuther. Walifunga ndoa mwaka 1961 huko Naijeria, wakajaliwa watoto watano. Shule ziliongezeka hata kupita 30, katika nchi zaidi ya 10: Togo, Benin, Cameroon, Chad, Senegal na nyinginezo, pamoja na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Foster hakukaa kuziongoza zote. Kila mwaka aliwakusanya viziwi vijana kutoka nchi mbalimbali, wengi wakija Ibadan, akawafundisha ualimu na kuwarudisha kwao. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa aliunganisha ishara zake na maneno ya Kifaransa, na ishara za namna hiyo ndizo viziwi wengi wa Kongo wanazozitumia hata leo, wakiwa wamechanganya na zao wenyewe. Mjini Bukavu, ambako jina la kituo cha walemavu cha Heri Kwetu linajulikana sana, si ajabu kuona vijana wakizungumza kwa mikono, na siku hizi hata kwa simu zenye picha. Sheria ya Kongo ya mwaka 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu imewapa neno la kushika wanapodai nafasi shuleni na ofisini.

Tarehe 3 Desemba 1987 Foster alikuwa safarini ndani ya ndege ndogo. Ndege ikaanguka nchini Rwanda, karibu na Gisenyi, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lilelile la Kivu ambalo Bukavu iko kusini mwake. Alikufa humo, akiwa na umri wa miaka 62. Mjane wake Berta aliishika kazi ya misioni, na walimu aliowafundisha wakaendelea na madarasa yao. Mwaka 2004 chuo cha Gallaudet, ambacho kilimkataa zaidi ya mara moja, kiliupa ukumbi wake mmoja jina la Andrew Foster.