Walt Disney: Alisubiri miaka minne, kisha akajenga mlima

Wengi wetu tunamjua Mickey Mouse, yule panya wa katuni. Leo tunamtazama Walt Disney, mmoja wa waliombuni, na swali linalomkabili kila mfanyabiashara: uongeze mtaji lini? Subira huvuta heri, lakini ngojangoja huumiza matumbo.

Walt alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 5 Desemba 1901. Utotoni aliishi miaka kadhaa shambani, Missouri. Kampuni yake ya katuni mjini Kansas City ilifilisika mwaka 1923. Akaenda California akaanza upya na kaka yake Roy, aliyesimamia fedha. Mwaka 1928 Mickey akawapatia jina.

Baadaye Walt alitaka kujenga bustani ya burudani ambamo wazazi wangecheza pamoja na watoto wao. Roy alisita. Walt akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Kituo cha televisheni cha ABC kilitoa dola 500,000 na kudhamini mikopo, kikapata zaidi ya theluthi moja ya hisa.

Bustani hiyo, Disneyland, iligharimu dola milioni 17. Ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, mambo yalikwenda mrama. Watu waliingia kwa tiketi bandia, lami ilikuwa bado laini, na mafundi bomba walikuwa wamegoma, hivyo maji ya kunywa yakawa shida.

Kitu kimoja hakikuwepo: treni ya kuporomoka, ile inayopandishwa juu polepole kisha ikashuka kwa kasi huku abiria wakipiga mayowe. Bustani nyingine zilivutia watu kwa treni hizo. Walt alianza bila hiyo.

Hata hivyo watu walifurika, zaidi ya milioni 3 katika mwaka wa kwanza. Angeweza kukaa akala faida. Badala yake, mwaka 1959, wateja wakiwa bado wengi, alijenga mlima wa bandia wenye urefu wa mita 45, mfano wa Matterhorn wa Uswisi, na kupitisha treni ndani yake. Reli zake zilikuwa mabomba ya chuma, jambo jipya wakati huo, kwa kuwa mabomba hupindwa kona kali bila kumtikisa sana abiria. Michezo mipya ya mwaka huo ilikatiwa tiketi ya daraja jipya, ghali kuliko zote. Mwaka 1960 kampuni ikanunua hisa za ABC kwa dola milioni 7.5.

Walt alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Mlima ule ungali unapokea abiria.

Tunachojifunza ni hiki: hakuweka fedha kwenye treni kwa sababu wenzake wanazo, wala hakungoja wateja wapungue. Kwanza aliwapata wateja, kisha akawapa sababu ya kurudi.