Mzinga wa Fort Jesus na nahodha aliyejificha Rufiji

Ukienda Fort Jesus, Mombasa, usiishie kupiga selfi tu ukutani. Angalia mizinga. Mmoja wao ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, na nyuma yake kuna stori ya nahodha Max Looff.

Looff alizaliwa 1874. Aprili 1914 alikabidhiwa Königsberg, na Juni akatia nanga Dar es Salaam. Wenyeji walipoona dohani zake tatu wakaibandika jina: manowari ya bomba tatu. Miezi miwili baadaye, vita!

Agosti akateka meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, karibu na Oman. Septemba 20, alfajiri, akaivizia Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa ikitengenezwa bandarini Unguja. Akaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa.

Lakini hata yake ilikuwa na shida ya mashine. Basi Looff akajificha kwenye mikoko ya Rufiji. Vipuri vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Unadhani nani alivuta kamba? Wenyeji, mamia kwa mamia.

Waingereza wakaziba midomo ya mto. Julai 11, 1915, Severn na Mersey, meli zilizoweza kupita kwenye maji mafupi, ziliishambulia huku ndege ikielekeza mizinga yao. Looff akajeruhiwa. Akaamuru meli yake mwenyewe ilipuliwe.

Wengine wangekata tamaa hapo. Yeye akaopoa mizinga yote 10, ikafungwa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu katika jeshi la Lettow-Vorbeck. Looff alishikwa Novemba 1917. Vita vilipoisha akarudi kwao, akaandika kitabu kuhusu safari na vita vyake, akafariki 1954.

Na meli? Vyuma vyake vilikatwa kuuzwa kama chuma chakavu, tope likameza vilivyobaki. Mizinga michache ndiyo ilinusurika: huu wa Mombasa, mwingine uko Pretoria.

Sasa jiulize, nani anakumbukwa hapa? Nahodha ana kitabu. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi Zanzibar. Lakini waliovuta zile kamba, na wapagazi wa pande zote mbili waliokufa kwa njaa na maradhi, wengi hata majina yao hayakuandikwa. Wewe hupita Kariokor, Nairobi, kila siku. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Chuma kikikaa kwenye upepo wa bahari hushika kutu, lakini makumbusho yanaweza kukipaka rangi. Stori ya babu wa babu yako haina wa kuipaka rangi ila wewe. Simu unayo. Wikendi hii nenda kwa wazee, waulize nani wa ukoo wenu alichukuliwa vitani, na urekodi jina lake kabla halijapotea.