ABRAHAM DARBY NA CHUNGU CHA CHUMA

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika daftari langu la historia, Abraham Darby alipata mstari mmoja tu: mwaka 1709, makaa ya mawe, chuma. Unaukariri, unauandika kwenye mtihani, basi, umemsahau. Lakini mimi, ndugu msomaji, ni mtoto wa mama anayekaanga chapati na kuziuza asubuhi karibu na kituo cha matatu. Karo yangu hutoka katika kikaango kimoja cheusi, kizito, cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Nilipotafuta habari za chombo hicho nilimkuta Darby tena, na safari hii hakuwa mstari mmoja. Kumbe kabla ya yale makaa ya mawe, bwana huyu alikuwa mtu wa vyungu! Hebu nikusimulie maisha yake.

Abraham Darby alizaliwa mwaka 1678 karibu na mji wa Dudley, katikati ya Uingereza, mahali palipojaa wafua vyuma. Baba yake alikuwa mkulima na pia fundi wa makufuli. Jamaa yao walikuwa wafuasi wa dini ya Marafiki. Sisi wa Magharibi ya Kenya dini hiyo si ngeni kwetu, kwani misheni yao ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902. Katika Uingereza ya enzi za Darby, Marafiki walibaguliwa. Hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge wala kushika vyeo vya serikali. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguliwa. Wengi wao waliingia katika ufundi na biashara, wakawa watu wa kusaidiana na kuaminiana.

Alipokuwa kijana, Darby alipelekwa Birmingham kuwa mwanagenzi kwa fundi aliyetengeneza vinu vya kusagia kimea. Kimea unakijua, ndicho hicho cha kutengenezea pombe. Sasa sikiliza vizuri, maana jambo hili dogo litarudi baadaye. Waliokausha kimea hawakuweza kutumia makaa ya mawe mabichi, kwa sababu moshi wake uliharibu ladha ya pombe. Walikuwa wakiyaoka makaa hayo kwanza, moshi na salfa vikatoka, yakabaki makaa safi yenye moto mkali. Huenda mwanagenzi Darby aliyaona hayo, akayaweka akilini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 1699 alimaliza uanagenzi, akamwoa Mary Sergeant, wakahamia Bristol, mji wa bandari. Huko aliendelea kutengeneza vinu, na mwaka 1702 akaungana na Marafiki wenzake kuanzisha kampuni ya shaba ya manjano. Hapa sitaficha kitu, maana maisha ya mtu hayasimuliwi kwa upande wa sukari peke yake. Bristol ya miaka hiyo ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Vyombo vya shaba vilivyotengenezwa katika mji huo vilipakiwa melini, vikaletwa Afrika Magharibi na kubadilishwa kwa binadamu. Niliposoma hayo moyo wangu ulizizima. Chungu ni chombo cha kulisha watu, na hapo kikawa bei ya mtu.

Vyungu vya shaba vilikuwa ghali sana, na mtu wa kawaida hakuvimudu. Vyungu vya chuma vilikuwepo. Tena Wachina walikuwa wakisubu chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini huko Uingereza kalibu zilifinyangwa kwa udongo, kazi ya polepole, na vyungu vikatoka vizito na bei yake haikushuka. Darby akajiuliza: mbona chungu kisisubiwe kwa chuma katika mchanga mtupu, kiwe chepesi na rahisi kununua? Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1704 alikwenda Uholanzi kutazama ufundi wa huko, akarudi na mafundi wa Kiholanzi. Walijaribu chuma, wakashindwa. Wakajaribu tena, wapi!

Katika karakana hiyo palikuwa na kijana kutoka Wales aitwaye John Thomas. Inasimuliwa kwamba kijana huyo, akiwatazama wale mafundi wakubwa wakihangaika, alimwambia Darby kuwa anadhani ameona walipokosea. Wengi wetu tunajua jibu ambalo mtoto hupewa akisema hivyo mbele ya wakubwa. Darby hakumfukuza. Walibaki wawili katika karakana, wakajaribu, na chungu cha chuma kikatoka kizima. Mwaka 1707 Thomas alitia sahihi mkataba wa kuitunza siri hiyo, na watu husimulia kwamba walipofanya kazi hata tundu la ufunguo mlangoni waliliziba. Mwaka huo huo Darby alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake kwa miaka 14.

Siri yenyewe ilikuwa katika mchanga. Unachukua chungu cha mfano, unakizungushia mchanga mzuri ndani ya fremu na kuushindilia. Ukikitoa mfano polepole, panabaki nafasi tupu yenye umbo la chungu. Ndani yake unaweka kipande kingine cha mchanga ili chungu kiwe na tumbo. Chuma kilichoyeyuka kinamiminwa kwenye ule mwanya. Kikipoa, unaubomoa mchanga, na chungu hicho! Mfano ule ule hutumika tena na tena, na mchanga vilevile. Hapo ndipo bei iliposhuka.

Wenzake wa kampuni ya shaba hawakutaka kutia fedha zao katika chuma. Darby akajitoa. Mwaka 1708 alikodi tanuri bovu lililokuwa limeachwa katika bonde la Coalbrookdale, wilaya ya Shropshire, karibu na mto Severn. Ukiwa na macho ya kawaida ungeona magofu tu. Yeye aliona kijito cha kuendesha mivukuto, mawe ya chuma, mawe ya chokaa na makaa ya mawe, vyote mahali pamoja, na mto wa kusafirishia mali.

Tatizo lilikuwa moto. Matanuri yote yalitumia makaa ya kuni, na miti ya kuchoma makaa ilikuwa ghali. Makaa ya mawe mabichi yana salfa, nayo huharibu chuma kikawa hakifai. Huenda hapo ndipo Darby alipokumbuka kimea! Aliyaoka makaa ya mawe kama walivyofanya wale wa pombe, na Januari 1709 tanuri likawashwa. Chuma kikatoka, tena kilikuwa na silikoni zaidi kuliko kile cha makaa ya kuni, kikamiminika vizuri na kujaza kalibu nyembamba. Ndiyo kusema vyungu vikawa vyembamba na vyepesi, jambo alilolitaka tangu mwanzo. Mstari ule mmoja wa daftari langu ulitokana na haja ya chungu.

Vyungu vyenyewe vilikuwa na tumbo, na miguu mitatu chini. Mimi nikiiona picha yake hucheka: ni chungu kilichozaliwa pamoja na mafiga yake! Viliuzwa katika masoko ya miji ya karibu na mipakani mwa Wales, vingine vikateremshwa kwa mashua hadi Bristol. Mama wa kijijini ambaye hakuwahi kuota chungu cha shaba sasa alikuwa na chungu cha chuma cha kumrithisha bintiye.

Lakini chuma hicho kina tabia zake, na hazijabadilika tangu enzi za Darby. Kina kaboni nyingi, kwa hivyo ni kigumu lakini ni kikavu. Ukikiangusha sakafuni au kukimwagia maji baridi kikiwa cha moto, kinapasuka. Kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi upesi, ndiyo maana chapati huiva sawasawa. Adui yake mkubwa ni kutu, na kutu, kama tunavyosoma katika kemia, inahitaji maji na oksijeni. Kwa hivyo nyumbani hatukiloweki kamwe. Mama hukiosha kikiwa na joto kidogo, hukisugua kwa chumvi, hukikausha juu ya jiko, kisha hukipaka mafuta kidogo sana kwa kitambaa na kukiacha kipate moto. Mafuta hayo huungua na kuwa ngozi nyeusi ngumu inayozuia chakula kushika. Ukizidisha mafuta, hiyo ngozi inanata. Nyanya, limau na ukwaju havipikwi humo kwa muda mrefu, maana uchachu hula ile ngozi. Na kutu ikiingia, usikate tamaa: sugua mpaka chuma kionekane, osha, kausha, paka mafuta, pasha moto, rudia mara kadhaa.

Mwaka jana mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipita mtaani kwetu na mizani yake. Alikiinua kikaango, akakipima, akataja bei ambayo, wallahi, siku hiyo ilituvutia, kwani nilikuwa nimetumwa nyumbani kuleta karo. Mama alikitazama, akakirudisha jikoni. Alisema akikiuza, karo ya muhula huo italipwa, ya muhula ujao itatoka wapi? Siku hiyo nilikaa nyumbani. Kesho yake tuliamka saa kumi tukakanda unga. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Darby mwenyewe hakuishi kuyala matunda ya jasho lake. Aliugua kwa muda mrefu, na mwaka 1717, akiwa na umri wa miaka 39 tu, alifariki, kabla ya kuhamia katika nyumba aliyokuwa akijijengea Coalbrookdale. Alizikwa katika makaburi ya Marafiki huko Broseley. Aliacha madeni, na hisa zake zilikuwa zimewekwa rehani. Mwanawe, aliyeitwa pia Abraham, alikuwa bado mtoto mdogo. Ungedhani mambo yameishia hapo. La hasha! Mkwewe, Richard Ford, pamoja na mfanyabiashara mmoja wa Bristol waliliendeleza tanuri, na mtoto yule alipokua akaingia kazini. Mjukuu wake, Abraham wa tatu, alijenga daraja la chuma juu ya mto Severn mwaka 1779, na bado limesimama. Familia ya John Thomas nayo iliwafanyia kazi akina Darby kwa vizazi kadhaa. Lile tanuri la zamani limehifadhiwa katika makumbusho, na mwaka 1986 bonde zima liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Watu hulitaja daraja, na mitambo ya mvuke, na viwanda. Mimi namshukuru Darby kwa chungu. Namshukuru kwa sababu alimsikiliza kijana ambaye hakuwa na cheo, na kwa sababu hakudharau alichojifunza katika kazi ndogo ya kimea. Wewe unayesoma, usidharau unachokiona kwenu kila siku, kiwe kinu, jembe au kikaango. Na kama kwenu kipo cha chuma kilichotupwa nyuma ya nyumba kikiota kutu, kichukue leo, kisugue, kipake mafuta. Kitunze nacho kitakutunza.